Chupi za Mheshimiwa Siku ya Bwana

Wasomaji wangu, mara iliyopita tuliachana pabaya. Mheshimiwa Torquil Macaskill alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni kwa mama yake, kikombe cha chai kimekwama katikati ya safari ya kwenda mdomoni, na kule nje, kwenye kamba ya nguo, chupi zake zilikuwa zinapepea.

Asubuhi ya Jumapili, kisiwani Sgarasay, na uchaguzi ni Alhamisi.

Kuna wasomaji wameniandikia kuuliza chupi kwenye kamba zina ubaya gani. Ninyi hamjakaa Sgarasay. Mimi nimekaa. Kule viazi vya Jumapili humenywa Jumamosi, supu hupikwa Jumamosi, na bembea za watoto hufungwa mnyororo mpaka Jumatatu. Mwanamume anaweza kulewa Ijumaa akalala mtaroni na kondoo, na watu wakamsamehe. Lakini nguo kwenye kamba siku ya Bwana, ukoo wako utasimuliwa mpaka kwa vitukuu.

Na hazikuwa chupi peke yake. Lilikuwapo shati lake la bungeni, soksi, na zile suruali ndefu za ndani za sufu ambazo aliwahi kukanusha redioni kwamba anazivaa. Zote zilikuwa zinachuruzika maji. Maana yake hazikusahauliwa tangu jana. Kuna mtu alikuwa ameamka asubuhi hiyo, akafua, akaanika, na barabara ya kanisa inapita chini ya kamba hiyohiyo.

Torquil aliweka kikombe chini. Alikimbilia mlangoni, akashika kitasa, kisha akaganda.

Aanue? Kuanua nako ni kazi. Alikumbuka jirani mmoja, enzi za utoto wake, aliyesahau shuka kwenye kamba Jumamosi jioni. Dhoruba ikaja, yule mama akakaa dirishani akilitazama linang'oka na kwenda zake baharini, na hakuinua hata kidole. Wazee walimsifu kwa miaka.

Basi Mheshimiwa alibaki ameshika kitasa kama mtu aliyegandishwa na gundi.

Hapo ndipo aliposhuka Gavin Pringle, meneja wake wa kampeni, kipara cha Edinburgh kilichovaa pajama za mistari. Torquil alimvaa palepale. Alimwambia kwamba amemmaliza, kwamba watu wa mjini hawana adabu, kwamba angefua chupi zake mwenyewe kama lazima afue. Gavin alisikiliza mpaka mwisho, halafu akainua kwapa.

"Nusa," alisema. "Shati la ndani nimelivaa tangu Alhamisi. Mimi ni mtu wa kukufulia wewe?"

Torquil alinusa. Ushahidi ulikuwa mzito. Alimwachia.

"Basi toka ukazianue," Gavin alisema.

"Siwezi."

"Kwa hiyo kuanika dhambi, kuanua dhambi?"

"Ndiyo."

"Na zikikaa hapo?"

"Nimekwisha."

Gavin alijikuna kipara. Akasema labda kamba ingekatika yenyewe kwa upepo. Torquil alimuuliza upepo umepata wapi kisu. Gavin akatazama nje, akaona kondoo wa Bi Peigi, mama yake Torquil, wanakula majani karibu na nguzo, na uso wake ukang'aa. Kondoo dume akiigonga nguzo, nguzo ikaanguka, hiyo si kazi ya mtu. Hiyo ni ajali ya mifugo.

Nawaambia, huyu ndiye mtu aliyelipwa kuongoza kampeni. Alitoka mbio na ndala, akaanza kuwaswaga kondoo kwa mikono kuelekea nguzo. Kondoo walimtazama jinsi wapiga kura wanavyomtazama, kisha wakaendelea kula.

Huku ndani Torquil alikuwa amekwisha kumpata mhalifu kichwani. Ni Mwalimu Dolina Macphail tu. Nani mwingine? Mpinzani wake, mjane anayekaa peke yake ng'ambo ya ghuba, nyumba yake imetazamana na hii, na darubini haitoki dirishani. Ndiye aliyemfundisha kusoma, na sasa ndiye aliyekuwa akimfukuzia kiti. Mara ya mwisho Torquil alishinda kwa kura chache kuliko watu wanaotosha kwenye benchi mbili za kanisa. Safari hii Murdo Angus, mzee wa kanisa mwenye sauti kuliko wote, alikuwa amempa Dolina neno lake kwamba atampigia kura.

Na safari hii kulikuwa na cha kupoteza. Kiongozi wa chama alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwamba akirudi bungeni anapewa uwaziri kamili. Si unaibu tena. Waziri, na gari jeusi, na dereva wa kumfungulia mlango. Torquil alikuwa ameshajifunza hata namna ya kushuka.

Mlango wa chumbani ulifunguka, mama yake akaingia jikoni. Bi Peigi alikuwa tayari kwa kanisa: koti jeusi, kofia nyeusi, kitabu cha zaburi chini ya kwapa.

"Mama, usitazame nje," Torquil alisema. "Kuna mtu katufanyia unyama."

Bi Peigi alijimiminia chai. Akatia maziwa, akakoroga.

"Umeona nilivyozibana vibanio viwiliviwili?" alisema. "Upepo wa leo mkali."

Torquil alikaa. Kiti hakikuwa karibu, lakini alikaa, na sakafu ikampokea.

Bi Peigi, wasomaji wangu. Yule ambaye kwa miaka sitini hajapata hata kuwasha redio Jumapili. Mwanamke ambaye wachungaji watatu mfululizo walimtaja mimbarini kama mfano.

"Kwa nini?" Torquil aliuliza kutoka sakafuni.

Mama yake alimkumbusha, taratibu, kama mtu anayehesabu vifaranga. Alimkumbusha alivyoanza siasa kwa ule ugomvi wa geti la ng'ombe, akasimama kwenye ukumbi wa kijiji akasema maneno ya maana, na baba yake akatokwa machozi. Halafu akataka ubunge. Muhula mmoja tu, Mama, kisha narudi tufuge. Ukaja wa pili, kwa sababu ya barabara. Ukaja wa tatu, kwa sababu ya unaibu waziri wa vivuko. Ukaja wa nne, bila sababu. Sasa alikuwa anaomba wa tano, na barabara ilikuwa na mashimo yaleyale, maana mama aliyajua kwa majina.

Hapakuwa na swali lililompata Torquil katika miaka yote hiyo akalijibu. Ukimuuliza kama anaunga mkono kivuko cha Jumapili, alisema hilo ni swali zuri sana na ndiyo maana anaunda kamati. Watu wa hoteli waliondoka wakijua anakiunga mkono. Watu wa kanisa waliondoka wakijua anakipinga. Kamati ilikunywa chai.

"Na baba yako alipokufa," mama alisema, "ulikuwa wapi?"

Torquil alikuwa kwenye kivuko kipya alichokizindua mwenyewe kwa mkasi na bendi, kikizunguka mbele ya gati la Sgarasay kwa sababu kilijengwa kipana kuliko gati. Aliyaona mazishi ya baba yake kutoka baharini, watu wadogo wenye mavazi meusi wakipanda kilima.

"Mama, lile lilikuwa suala la vipimo."

"Najua. Uliunda kamati."

Bi Peigi alivuta kiti, akakaa karibu naye, na sauti ikashuka. Akamwambia kitu ambacho Torquil hakuwahi kukifikiria maishani: shuka linataka watu wawili. Mmoja ashike ncha hii, mwingine ile, mlikung'ute, mlikunje, mlitupe juu ya kamba. Miaka yote alianika mashuka na Iain, mumewe, na hapo ndipo walipozungumza, kila mtu na ncha yake. Tangu Iain afe alikuwa anayakausha mbele ya jiko, nusu kwa nusu, na nyumba nzima inanuka unyevu.

"Nilikuombea ushindwe," alisema. "Uchaguzi uliopita, na huu. Mungu hakunisikiliza. Nikaona nimsaidie."

"Uliniombea nishindwe?"

"Kila siku baada ya uji."

Torquil alijaribu. Alimweleza habari ya uwaziri. Alimweleza habari ya gari. Bi Peigi aliuliza kama hilo gari litakuja kumshikia shuka. Torquil akamuuliza je, na jina lake mwenyewe, heshima ya miaka sitini, ataitupa hivihivi?

"Jina ni langu, mwanangu. Nimelitunza, sasa nalitumia."

Nyayo zikasikika barabarani.

Torquil alinyanyuka, akachungulia. Kanisa zima lilikuwa linapanda kilima, na mbele kabisa Murdo Angus, mrefu, mavazi meusi kofia mpaka kiatu. Nyuma yake alikuwa Mwalimu Dolina na kofia yake ya manyoya ya jogoo. Murdo Angus aliinua macho. Akasimama. Na wote nyuma yake wakasimama, wakiwemo wale waliokuwa hawajaona, ambao waliona mara moja.

Upepo ulichagua wakati huo kuzijaza suruali za sufu. Zilinenepa, zikarusha mateke.

Torquil alitoka. Angefanya nini? Alitembea mpaka langoni na uso wake wa mazishi, ule anaoutumia pia kwenye vyombo vya habari. Alipopita kwenye ukuta wa mawe alisikia mtu ananong'ona kutoka upande wa pili, chini, kwenye samadi. Gavin, jamani. Watu walikuwa wamemkuta uwanjani na pajama, akajitupa nyuma ya ukuta, na sasa kondoo walikuwa wamemzunguka kwa udadisi.

"Bi kizee keshaniambia kupitia dirishani," Gavin alinong'ona. "Sema ukweli. Sema ni mama, umri umekwenda, hajui tena leo ni siku gani. Watakuhurumia. Tunashinda, Torquil. Sema tu."

Na kwamba ni mama, ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomchoma. Kwa mara ya kwanza katika kampeni nzima ukweli ulikuwa upande wake. Sentensi moja, na Alhamisi ni yake. Mama angeonewa huruma, wanawake wangemletea supu, wangemsemesha polepole kama mtoto. Asingekuwa tena mfano mimbarini. Angekuwa yule maskini Peigi.

"Torquil wa Iain Mwekundu," Murdo Angus alisema, akimwita kwa jina la baba yake kama kisiwa kinavyowaita wanaoshtakiwa. "Nauliza mara moja. Nani kaanika nguo hizi?"

Kinywa cha Torquil kilifunguka kwa mazoea. Maneno yalikuwa yamejipanga mlangoni: swali zuri sana. Alitazama nyuma, dirishani. Kofia nyeusi ilikuwa pale, imetulia, inangoja.

"Mimi," alisema.

Tazameni maajabu. Miaka ishirini ya siasa, mtu hajapata kulijibu swali moja kwa moja, na siku aliyojibu, jibu lilikuwa uongo.

Nyuma ya ukuta kilisikika kilio kidogo, kama cha mwanakondoo. Kondoo wenyewe walikuwa kimya.

Torquil alisubiri radi. Badala yake Murdo Angus alivua kofia. Aliishika kifuani.

Akasema, kwa sauti ambayo nyuma wote waliisikia, kwamba ameishi na kuwaona wanasiasa wa kila rangi. Amewaona wakiruka maneno yao, wakisingizia watumishi, wakisingizia hali ya hewa. Hajapata kumwona hata mmoja aliyesimama langoni kwake akaungama dhambi yake bila kona. Alikuwa amempa Mwalimu Dolina neno lake. Angeomba alirudishe.

"Dhambi ni dhambi," alisema, "na Jumatatu tutaizungumza. Lakini Alhamisi mimi najua pa kuweka alama."

Mnong'ono ulipita kwenye barabara nzima. Mwanamke mmoja alijifuta machozi. Wengine walitikisa vichwa, lakini kule kwa kukubali. Vichwa vyao vilikuwa vinapiga kura mbele ya macho yake.

Mwalimu Dolina alikuwa amekunja midomo. Alisogea mbele. "Murdo Angus," alianza, "mimi nyumba yangu inatazamana na hii, na asubuhi hii nimemwona kwa macho yangu—"

Akanyamaza. Kumwona kutoka ng'ambo ya ghuba kunataka darubini, na Sgarasay darubini siku ya Bwana ni ya kutazama vyombo vinavyozama tu. Aliinua macho mpaka dirishani kwa Bi Peigi. Kisha akamtazama Torquil, kama alivyokuwa akimtazama darasani alipoleta kazi iliyoandikwa na mwenzake. Alifunga mkoba wake kwa nguvu na kurudi nyuma.

Torquil alijisikia vibaya kwa muda mfupi sana. Kisha, na siwezi kumtetea, alianza kuliona gari. Jeusi, linang'aa. Alikuwa ameokoa jina la mama na kiti chake kwa neno moja. Nani kawahi kufanya hivyo? Alikuwa anatafuta sura ya unyenyekevu ya kuvaa, mlango wa nyumba ulipofunguka nyuma yake.

Bi Peigi alitoka amevaa aproni juu ya koti la kanisa. Mfuko wa vibanio ulikuwa unaning'inia shingoni. Mkononi alikuwa na kapu, na ndani ya kapu shuka moja kubwa jeupe, la kitanda cha watu wawili, linachuruzika.

Alimpita mwanawe bila kumwangalia. Alipita mbele ya mzee wa kanisa, mbele ya kanisa zima, akaenda mpaka kwenye kamba, akatua kapu.

Alishika ncha moja akalirusha shuka. Upepo ukalirudisha. Akarusha tena, likamfunika yeye, kofia na yote, na kwa muda pale kwenye kamba palikuwa na umbo jeupe dogo linalopapasa. Alipojitoa kofia ilikuwa imekaa upande. Alikuwa na umri wa miaka themanini na moja, na mikono yake ilikuwa myekundu kwa baridi. Mtu yeyote pale angemsaidia siku nyingine yoyote.

"Torquil," alisema. Hakupaza sauti. "Shika ncha hiyo."

Murdo Angus alivaa kofia yake tena, polepole.

"Torquil wa Iain," alisema. "Ulichoungama tumekisikia. Lakini ukilishika hilo shuka mbele ya macho yetu, hakuna kura hata moja itakayotoka kwenye kanisa hili."

Juu ya ukuta kilichomoza kipara, kina majani, kikitikisika kwa nguvu kushoto na kulia.

Torquil alimtazama mama yake. Ncha ya shuka ilikuwa inaburuzika kwenye matope, na alijua kwamba ikichafuka atalifua upya, peke yake, na kulikausha mbele ya jiko, nusu kwa nusu. Alikumbuka alivyokuwa mdogo, akipita chini ya shuka hilo mbio, baba upande huu, mama upande ule, wanacheka. Hakukuwa na kamati ya kulipeleka jambo hili.

Alitembea mpaka kwenye kamba, akainama, akaokota ncha ile.

"Kung'uta," mama alisema.

Wakalikung'uta. Lilipiga mlio ambao ulisikika ng'ambo ya ghuba. Wakalirusha juu ya kamba, likakaa sawa, na Bi Peigi akampa vibanio viwili kutoka kwenye mfuko. Kidole chake kilipomgusa kilikuwa baridi kama chuma, na Torquil alikishika kidogo kabla ya kukiachia. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hata hakuyatafutia kamera.

Langoni Murdo Angus aligeuka. Alisema mambo yamekwisha, Bwana ameonyesha njia, na neno lake analirudisha lilikokuwa. Alhamisi kisiwa kizima ni cha Mwalimu Dolina, alisema, na akanyoosha mkono nyuma amlete mbele watu wamwone.

Mkono wake ulishika hewa. Mwalimu Dolina, mjane ambaye naye hana wa kumshikia ncha, alikuwa ameshafungua lango na kuingia uani, glavu moja iko mfukoni, ya pili anaivua kwa meno, na macho yake yako kwenye kapu.

"Peigi," alisema, "kuna shuka jingine?"